Pikapu ya Mwalimu na Kopo la Manjano

Siku mliponikatia keki ya kustaafu pale gereji mlitaka niseme machache, nikashindwa hata kumaliza neno asante. Mikono yangu ilikuwa safi, na hilo peke yake lilinichanganya. Tangu hapo mmenikumbusha mara kadhaa, "Madam, tuandikie hata kidogo." Basi nimeketi mezani, chai iko kando, mvua ya saa nane inapiga mabati kama kawaida yake, nami naandika. Sitawaambia nilianza na mshahara gani wala nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili, na sijawahi kuona faili ikiwasha gari.

Baba ndiye aliyenipeleka gereji mara ya kwanza. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, akaja kufanya kazi ya boila katika kiwanda cha chai, na mimi nikazaliwa hapa hapa, katika nyumba za laini za wafanyakazi, harufu ya majani mabichi ikiingia dirishani kabla ya jua. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi. Nilivaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi, na cheti nimekishika mbele kama mtu anayebeba yai. Fundi mkuu wa gereji ya kiwanda alikuwa Mzee Arap Mibei, Mkipsigis wa zamani, masikio yametobolewa na ndewe zake zinaning'inia, na katika meno ya chini lile pengo la meno mawili ambalo wazee wa rika lake walitolewa wakiwa watoto. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni msichana," akamwambia baba, kana kwamba baba alikuwa bado hajagundua.

"Ndiyo, Mzee."

"Anaskia vizuri?"

"Anaskia hata zile hatujasema."

"Basi hiyo karatasi aache nyumbani. Kesho akuje na masikio."

Wiki nzima sikushika spana. Kila asubuhi, lori za majani zilipowashwa zikiwa bado baridi, Mzee alinisimamisha nikiwa nimezipa mgongo, nami nilitakiwa kuinua mkono nikisikia iliyo mgonjwa. Siku ya kwanza niliinua mkono kwa ile iliyopiga kelele kuliko zote. Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni mzima kabisa. Ekzosi yake imetoboka tu. Inaongea mingi kama shemeji yangu. Mgonjwa ni ule pale wa mwisho, umenyamaza." Ile ya mwisho ilikuwa na sauti ndogo sana chini, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua amekosea kuja. Nilijifunza kuitafuta sauti hiyo kwa miaka iliyofuata, na wanawake waliochuma majani ng'ambo ya barabara waliponiona kila siku nimeinamia injini walinipa jina Chepkarit, mwanamke wa magari. Jina hilo lilinikaa kuliko lile la ubatizo.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa bisibisi refu lenye mpini wa mti. Mnalijua, nilikuja nalo kwetu, liko bado kwenye msumari wake. Unaweka ncha juu ya chuma cha injini, mpini unauweka sikioni, na injini inakusimulia. Lakini Mzee hakutumia sikio. Mashine zilikuwa zimeanza kumnyang'anya masikio zamani, kwa hiyo alichomeka mpini katika lile pengo la meno, akauminya na meno ya juu, akafumba macho. Sauti ilimpandia kupitia mfupa wa taya. Mpini ulitulia pale kana kwamba waliomng'oa meno walikuwa wamepima kwanza. Nami nilijaribu siku moja akiwa ameenda kunywa chai. Mimi meno yangu yote yako, hivyo bisibisi halikuwa na pa kutulia, likanirukia mdomoni. Kipande cha jino langu kiko mahali fulani kwenye sakafu ya kiwandani, wakifagia vizuri watakiona.

Baadaye nilitoka kiwandani nikaja gereji yetu ya Sigowet, ambako kazi ilikuwa ni pikapu za wakulima, na pikapu ya mkulima ikianza kugonga, nyumba nzima haili vizuri. Nawaambia nilichosema kila siku: usifungue injini kabla hujamaliza kuitilia shaka nje yake. Angalia mpira unaoishikilia injini. Angalia puli, feni, pampu ya maji. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alinijia kutoka Mulot akiapa kwamba injini yake inagonga kila akipanda mlima, na fundi wa huko alikuwa tayari amemwambia anunue nyingine. Niliiendesha ikiwa tupu, kimya. Nikamwambia apakie kama siku zote, nikaketi naye. Mlima ulipoanza, gub, gub, gub. Tukasimama, nikazunguka nyuma. Kulikuwa na kondoo dume ambaye kila gari lilipoinua pua aliteleza, akakasirika, akaipiga kabini kwa kichwa. "Basi nifanye nini?" mwenye gari akaniuliza. Nikamwambia amgeuze kondoo.

Lakini kesi ninayotaka mbaki nayo ni ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, mrefu, koti moja la rangi ya kahawia mwaka mzima. Aliishi na mkewe chini huko, barabara inakoelekea Soin. Alikuwa na pikapu ya dizeli ya zamani kuliko wengi wenu, ambayo ilibeba majani ya chai, maziwa, na viti vya kila harusi ya kanisani kwao. Kisha figo za Mama, yule mkewe, zikashindwa, na pikapu ikapata kazi moja kubwa kuliko zote: Jumanne na Ijumaa kumpeleka Kericho mjini, hospitali, asafishwe damu kwa mashine. Magari ya abiria yalimshinda. Akitoka kwenye mashine hakuweza kukaa wima. Alilala njia nzima na kichwa begani mwa Mwalimu.

Mwalimu alikuja Jumatatu moja peke yake. Aliniita kando, ingawa hakukuwa na mtu.

"Madam, gari inagonga."

"Inagonga namna gani, Mwalimu?"

Alitazama kulia na kushoto, akainama, akaigiza kwa mdomo, na kwa kuwa alifundisha kwaya miaka mingi, aliigiza vizuri. "Tok. Tok. Halafu ikipanda mlima ikiwa moto, tok-tok-tok-tok."

"Tangu lini?"

"Wiki jana."

"Oili uliweka gani?"

"Ile ya kawaida."

Niliiwasha ikiwa baridi. Kimya. Geji ya presha ya oili ilisimama vizuri kabisa. Ilipopata moto nikasikia mlio mdogo wa kugonga, wa mbali. Nililegeza bomba la dizeli la silinda ya pili, mlio ukaisha, nikalikaza, ukarudi. Sasa nyinyi mnajua, ama mnapaswa kujua, kwamba hapo kuna majibu mawili. Inaweza kuwa nozo inamwaga dizeli vibaya, jambo dogo. Ama inaweza kuwa beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma unaobeba pistoni, imelika, na hiyo ukiendelea kupanda nayo mlima, siku moja konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Nilipaswa kuhamishia nozo ya silinda ya pili kwenye ya tatu nione kama mlio utahama. Ni kazi ya dakika ishirini. Sikuifanya. Beringi iliyolika hugonga asubuhi baridi na geji hushuka, na hapa asubuhi ilikuwa kimya na geji iko juu, na kesho yake ilikuwa Jumanne ya hospitali. Nikasema ni nozo. Nikaipeleka ikasafishwa, nikairudisha, sauti ikapungua, Mwalimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatano ni siku ya soko. Mama alikuja gereji kwa miguu, polepole, na kikapu chenye viazi vichache ambavyo nadhani vilikuwa kisingizio. Sisi tulimwita Bot Cherono, yaani Mama Cherono. Nilimletea kiti.

"Chepkarit, Mwalimu amekuambia gari imepona?"

"Alisema imetulia, Mama."

"Haijatulia. Mimi naiskia tangu tupande mahindi."

Mahindi wakati huo yalikuwa yamefika kifuani. "Mbona hamkusema?"

"Ningesema, huyo mzee angelala? Ikianza kugonga, mimi naimba. Naimba za kanisa, ile sauti ya juu kabisa, anafikiri nimefurahi." Akacheka, kisha akashika ubavu. "Na yeye ako na yake. Asubuhi mapema nikiwa najifanya nimelala, anaenda na kopo ya manjano, anamwaga kitu kwa injini. Kopo anaficha kwa ndama. Anafikiri mimi siendi kwa ndama."

Tayari nilikuwa nimeanza kuelewa, na aibu ilikuwa inanipanda shingoni.

"Sasa niskize, mwanangu," akasema, na hapo hakuwa anacheka tena. "Kama hiyo gari imefika mwisho, usitengeneze. Hata kama haijafika. Mwambie imekufa. Mimi nimechoka na ile mashine ya hospitali. Nikimwambia nataka kuacha, atalia, na mimi siwezi kuona Mwalimu akilia. Lakini gari ikikufa yenyewe, atasema ni Mungu."

Katika miaka yangu yote wateja wameniomba nidanganye kuhusu magari, karibu wote wakiwa wanataka kuuza. Hakuna aliyewahi kuniomba uongo wa namna ile. Nikamwambia ukweli mmoja tu niliokuwa nao: "Mama, sijaiskiza vizuri. Nilikosea. Nipeni kesho."

Alhamisi asubuhi nilimpigia Mwalimu simu alete gari, na nikamwendea Mzee Arap Mibei nyumbani kwake. Alikuwa amestaafu zamani, masikio yameondoka kabisa, lakini aliponiona na lile bisibisi mkononi alichukua kofia bila kuuliza. Gari lilipofika nilifanya kile nilichopaswa kufanya Jumatatu: nilivuta dipstiki, nikaisugua oili kati ya vidole viwili. Haikuwa oili ya injini ile. Ilikuwa nzito, inavutika kama asali. Mzee akaigusa pia, akamtazama Mwalimu.

"Umeweka hii ya diff, ya gia za nyuma za lori?" Alipiga kelele, kama viziwi wanavyofanya. "Umefunika mgonjwa blanketi, halafu unaita daktari!"

Mwalimu akavua kofia. "Nilijua Mama akiskia inagonga, atasema turudi nyumbani, tusiende tena. Amekuwa akitafuta sababu. Kopo moja kila wiki, ikanyamaza. Sikutaka kukudanganya, Madam. Nilikuwa nadanganya yeye, na wewe ukawa katikati."

Kwa hiyo asubuhi ilinyamaza kwa sababu ya oili nzito, na geji ilisimama juu kwa sababu hiyo hiyo. Tukaimwaga yote, tukaweka nyepesi inayofaa. Kabla ya kuwasha nikamwambia Mwalimu, "Mlete Mama."

"Hapana. Huyo hapana."

"Mwalimu, sitafungua injini hii kabla nyote wawili hamjaiskia."

Hiyo haikuwa kanuni ya ufundi. Niliitunga pale pale. Lakini alimtuma mwenye boda, na baada ya nusu saa Mama alikuwa amesimama upande mmoja wa bonneti na Mwalimu upande wa pili. Nikawasha. Bila lile blanketi, injini ilisema yote. Ilikuwa tok nzito, ya chini, unaisikia kwenye nyayo za miguu. Mzee alichomeka mpini kwenye pengo lake, akaweka ncha juu karibu na nozo, akatikisa kichwa. Akashuka chini ubavuni, silinda ya pili. Akafumba macho. Akainua vidole viwili, kisha akaelekeza chini. Beringi ya konrodi ya pili. Nikazima.

Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Ni mimi nilikuwa naifunika."

"Najua. Na mimi nilikuwa naimba."

"Kumbe ndiyo ilikuwa kuimba kote huko?"

"Ulifikiri nafurahia kwenda kudungwa sindano?"

Mwalimu alitaka kucheka, uso ukakataa. Na Mama akamwambia, akitazama injini, si yeye: "Nilikuja hapa jana. Nilimwambia Chepkarit aseme imekufa."

Nilitaka kuondoka, lakini nilikuwa nimeshika bonneti. Mzee hakusikia kitu. Alikuwa anafuta bisibisi lake kwa utulivu.

"Ni mimi nimekuchosha?" Mwalimu akauliza.

"Si wewe. Ni ile kurudi, nikiwa sina mwili. Jumatano ndiyo napata mwili kidogo, Ijumaa wanachukua tena."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alifikiri. Namheshimu mpaka leo kwa kufikiri. "Sijui," akasema. "Lakini ningekuwa najua. Hii miezi yote nimekuwa naendesha na mtu simjui."

Mama alinigeukia. "Na wewe, Chepkarit. Inapona ama haiponi?"

"Bado sijui, Mama. Ile beringi imelika, hiyo najua. Lakini ikiwa imekwaruza kranki, ule mhimili unaozunguka ndani, tutatoa injini yote, na hamtaiona barabarani karibuni. Ikiwa kranki bado ni laini, naweka beringi mpya, kesho mnaenda."

"Fungua tuone," akasema, akaketi kwenye kiti.

Kwa bahati bakuli la oili la pikapu ile hushuka bila kutoa injini. Nililala chini, nikalegeza bolti moja moja, nikashusha kifuniko cha konrodi ya pili. Beringi ilikuwa imekwisha, rangi ya fedha imetoka, shaba inaonekana. Nikafuta kranki kwa kitambaa safi. Sasa hapa, vijana, ndipo kuna kipimo ambacho hakiandikwi kitabuni kwa namna inavyostahili. Unapitisha ukucha juu ya chuma, taratibu, kwa upana. Ukinasa, hata kidogo, basi. Usiponasa, chuma kingali kizima.

Nilipitisha ukucha. Haukunasa. Nikapitisha tena.

Kutoka pale chini niliona viatu vya watu watatu. Vya Mzee, vimesimama kando. Vya Mwalimu, vilivyosuguliwa rangi, vinasogea na kurudi. Na vya Mama, raba za buluu, miguu imevimba ndani yake, haisogei kabisa. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kujua ukucha wangu umekuta nini. Hata Mzee asingeweza. Ningesema umenasa, na lori la kununua vyuma chakavu lingekuja, na yule mama angepumzika kama alivyoomba. Oili ilinidondokea shavuni. Mwishowe niliona kwamba si mimi niliyestahili kumpa ruhusa hiyo, wala kumnyima. Kilichokuwa changu ni ukucha tu.

"Mama," nikasema kutoka chini. "Ukucha haunasi."

"Maana yake?"

"Maana yake inaenda."

Nikasikia sauti ya Mama, si ya juu ile ya nyimbo.

"Basi kesho tutaenda. Ya Jumanne, Mwalimu, tutaongea."

"Tutaongea," Mwalimu akasema.

Beringi zilifika kutoka Kericho kwa boda saa tisa. Nilisugua kranki kwa msasa laini uliolowa oili, nikapima, nikafunga, nikakaza kila bolti mara mbili. Jioni ikiwa bado na mwanga niliwasha, na Mzee akachomeka mpini kwenye pengo lake, akasikiliza juu, akasikiliza chini, akautoa mdomoni na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni, "Sina kazi hapa!" Ijumaa walienda, wakarudi.

Mtakutana na gari lenye oili kama asali. Mtakasirika, kama nilivyokasirika. Kabla ya kumgombeza mwenye gari, muulizeni anamficha nani. Na hamtakiwi kumfichua kwa mwingine. Muwashe injini tu, na wote wawili wawe wamesimama hapo.

Jumanne ile nilifika gereji kabla ya wote. Sikufungua stoo. Nilisimama kando ya barabara na funguo mkononi, ukungu bado umelala juu ya chai, nikijiambia kwamba nasubiri tu kuona kama pikapu inatoa moshi. Saa moja kasorobo ilitokea kwenye kona, taa zimewashwa, inapanda vizuri. Mama alikuwa amekaa dirishani, leso kichwani, mkono umeinuliwa, anaeleza jambo refu. Mwalimu alikuwa amepunguza mwendo ili amsikie.